Sare ya Kichwa

Wanaosema Singida ni kukavu hawajawahi kukaa hapa mwezi wa pili. Mwezi wa pili mvua inanyesha alfajiri, saa tatu jua linatoka kali kuliko la kiangazi, na kuanzia hapo mji mzima unafuka mvuke kama sufuria ya makande. Nguo hazikauki, chumvi inalowa ndani ya kopo, na nywele zangu zinaamka. Sina neno lingine. Asubuhi nazichana, nazibana, zinalala kisogoni kwa heshima zote. Nikifika kwenye cherehani yangu karibu na stendi, zimeshasimama na kutanuka pande zote, na wateja wananiuliza kama nimegombana na mtu njiani.

Sizionei aibu. Naliweka hilo mapema ili tusisumbuane. Zamani niliwahi kuzionea aibu, na aibu hiyo iliniunguza. Shuleni walitunyoa miaka yote, kwa hiyo nilipomaliza nilikimbilia dawa ya kulainisha nywele kama wenzangu wote. Dawa ikakaa kichwani kuliko ilivyotakiwa, kwa sababu umeme ulikatika na maji yakaisha kwenye pipa la saluni. Sikio la kushoto likababuka, nywele za kisogoni zikakatika, na kichwa changu kikabaki kama shamba la mahindi lililopitiwa na ng'ombe. Nilivaa kilemba mwaka mzima. Zilipoota tena niliapa kwamba dawa na moto havitanigusa, iwe masika iwe kiangazi.

Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango chetu. Mwaka jana nilitunga wimbo kuhusu mama yangu, mkulima wa Sepuka, na ule msimu mvua ilipogoma kabisa. Majirani walikaa vibarazani wakitazama mawingu yakipita, yeye akaenda shambani na mbegu zake za alizeti akazifukia kwenye udongo mkavu, anazifukia huku anazisemesha. Watu walimcheka. Nilikuwa nimesimama naye siku hiyo, nimeshika kibuyu cha maji, na nilikasirika sana. Hasira ile ndiyo niliyoimba. Beti la tatu naimba peke yangu, na mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Calist, mtu asiyesifu hata chakula, alilisikia mara ya kwanza akavua miwani akaifuta.

Sauti tulirekodi mwezi wa kwanza, studio, Dodoma. Zikabaki picha. Uzinduzi ulikuwa umepangwa Pasaka, kwa hiyo video lazima ipigwe mwezi wa pili, pale pale ambapo kila kwaya ya mjini kwetu hupigia video zake, juu ya mawe ya Ziwa Singidani.

Jumapili moja baada ya misa, mwenyekiti wetu Mama Benson akatuita chini ya paa la jiko la kigango. Mama Benson ni mwanamke mnene wa sauti ndogo, na usidanganywe na sauti hiyo. Ndiye aliyehangaika tukapata spika, ndiye anayejua nani kafiwa na nani kajifungua. Mume wake ana mashine ya kukamua alizeti, na hakuna harusi ya mwanakwaya ambayo dumu la mafuta halikutoka kwake. Nasema haya ili msije mkadhani nasimulia habari za mtu mbaya.

"Wanangu," alisema, "gauni tunalo la sare, viatu tunavyo vya sare. Safari hii nataka na kichwa kiwe cha sare."

Akaeleza. Nywele za wanawake wote zilazwe, zirudishwe nyuma, zibanwe kishungi kimoja. Wenye dawa tayari wamo. Wasio na dawa wapite saluni ya Leah siku ya Ijumaa, wachomwe kwa chanuo la moto, mafuta yatatoka mashineni kwake.

"Mama Benson," nikasema, "mimi nitasuka. Mtindo wa twende kilioni, safi kabisa, zirudi nyuma."

"Mkianza kusuka kila mtu atasuka la kwake."

"Basi mabutu ya uzi."

"Yasinta, mabutu ya uzi kwenye video?" Wenzangu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akatoa simu mfukoni mwa gauni, akanipa nisome. Ilikuwa video yetu ya zamani, na chini yake watu wameandika maoni. Mmoja ameandika kwamba hawa wameshushwa porini jana. Mwingine ameuliza kama mji wetu hauna machanuo. Mwingine ameweka vikatuni vya kucheka, mstari mzima.

"Nilisoma haya nikiwa kwa mwanangu Dar," alisema Mama Benson. "Alikuwa anawaonyesha wenzake kwamba mama yake anaimba. Nikaona anavyoizima simu haraka. Sitaki kuzimwa tena."

Nilimhurumia, kweli kabisa. Lakini huruma ni kitu kimoja na kichwa changu ni kitu kingine. Nikamrudishia simu nikamwambia nitapendeza, ila moto hapana.

Akairudisha simu mfukoni. "Basi sikulazimishi. Sauti yako tunayo tayari, iko kwenye rekodi. Beti lako likifika tutaweka heroe."

Sikuelewa.

"Heroe, wale ndege wa ziwani. Wamependeza, wanatembea taratibu, wanaendana na wimbo. Wewe utasimama nyuma na wanaume, huko hakuonekani."

Kwa hiyo ndege. Nilitunga wimbo wa mama yangu, nikaubeba kifuani mpaka Dodoma, na mahali pa uso wangu wangeweka ndege wa miguu mirefu. Nilimgeukia Mwalimu Calist. Alikuwa anapanga karatasi zake za noti, ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jirani yangu wa sauti ya kwanza, Martina, alinisindikiza njiani. Martina ni muuguzi, mtu wa kumaliza mambo. "Dada, ni siku moja," alisema. "Choma, piga video, osha, zitarudi zenyewe. Unagombania nini?"

"Nagombania kichwa."

"Kichwa hakiendi popote."

"Ndiyo maana nataka kionekane kilipo."

Akatikisa mkono kama mtu anayefukuza inzi. Tuliachana njia panda bila kukasirikiana, ingawa nilifika nyumbani nimenuna.

Jumatano mama akapiga simu. Mama hapigi simu bila sababu, anasema zinamla masikio.

"Yasinta, nimewaambia watu," alisema, na nilisikia kuku nyuma yake. "Video ikitoka, yule kijana wa dukani mwenye runinga kubwa ataiweka. Nimewaambia wale wale walionicheka waje waone. Nimewaambia mwanangu ataimba mbele, peke yake. Utaimba peke yako, si ndiyo?"

Ningemwambia nini? Nilisema ndiyo mama, shikamoo, tutaongea. Kisha nikakaa mbele ya cherehani na mguu haukukanyaga. Nilimwona mama amekaa kwenye kreti la soda mbele ya lile duka, majirani wamemzunguka, beti la tatu linaanza, na kwenye runinga wanapita ndege. Sauti yangu na ndege. Majirani wale wale wanageuka kumtazama.

Ijumaa nikaenda kwa Leah. Msinishangae. Hasira ni yangu lakini mama ni mmoja tu.

Saluni ilikuwa imejaa wanakwaya. Machanuo mawili ya chuma yalikuwa juu ya jiko la mkaa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na Leah alikuwa anachovya vidole kwenye kibakuli cha mafuta ya alizeti, anapaka, anachoma, anapaka, anachoma. Moshi ulinuka kabisa kama maandazi. Watoto wawili wa jirani walikuja dirishani kuuliza yanauzwaje. Nje mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ule mvuke uliingia mlangoni ukapambana na moshi wa ndani.

Nikakaa kwenye kiti. Leah akanifunga taulo shingoni, akagawanya nywele, akaanza upande wa kulia mbele. Shungi moja likapita kwenye chuma, likalia shiii, likalala kama limepigwa. Akanionyesha kwenye kioo. Lilikuwa refu, jembamba, jeusi, halinijui. Kisha akahamia kushoto. Joto la lile chanuo likafika sikioni kabla ya chanuo lenyewe, na mwili wangu ukasimama. Sikuuamuru. Nilijikuta niko mlangoni na taulo shingoni.

"Yasinta, umebaki nusu," alisema Leah.

"Nimebaki nzima," nikamwambia. Nikamrudishia taulo, nikaomba radhi kwa kupoteza muda wake, nikatoka. Nilipofika kona ya soko lile shungi lilikuwa limeanza kujikunja kwenye ncha. Nilipofungua mlango wangu lilikuwa limerudi juu na wenzake, na usingeweza kulitofautisha. Nikacheka peke yangu kwa sauti. Saluni nzima, mkaa wote ule, na mwezi wa pili ulikuwa umelimaliza kabla sijavuka barabara mbili.

Nikaamua. Kama ni ndege, nitawaona ndege hao nikiwa nimesimama. Lakini nyuma na wanaume sitasimama, na nywele zangu sitazificha ili zipite salama. Jioni ile niliziosha. Nikazichana zikiwa na maji, kuanzia ncha kwenda shinani kama anavyochana mama, nikazipaka mafuta ya nazi kidogo, nikazifunga mabutu makubwa manne. Ndiyo dawa pekee ninayoijua ya unyevu. Hupigani nao. Unazipa nywele maji yake wewe mwenyewe kabla hewa haijazipa, kisha unaziacha zikae zinavyotaka kukaa. Asubuhi nikayafungua, nikazitikisa nywele. Zilikuwa kubwa, duara, laini, na zilikuwa zangu.

Ndani ya Costa ya kutupeleka ziwani, wenzangu walikuwa wamekaa wamenyooka kama watu waliobeba mitungi. Hakuna aliyeegemea kiti. Vichwa vinang'aa, madirisha yamefungwa ili upepo usiingie, na gari zima linanuka mgahawa. Martina aliponiona alifumba macho. Mama Benson, aliyevaa kilemba chake cha siku zote, alinitazama kuanzia juu mpaka viatuni na kurudi juu.

"Shikamoo Mama Benson."

"Marahaba. Utakaa nyuma."

Nikakaa nyuma.

Mpiga picha alikuwa Idrissa, kijana wa pale mjini ambaye hupiga harusi, maulidi na kwaya bila kubagua. Alipanga spika juu ya jiwe, akatupanga sisi juu ya mawe mengine, na tukaanza kuimba kwa kufuatisha sauti zetu wenyewe kutoka kwenye rekodi. Beti la kwanza lilikwenda vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kabisa, karibu na viatu na mabegi, mahali ambapo kamera haikufika. Kwenda nyuma na wanaume nilikataa, Mwalimu Calist akasema basi abaki pale pale.

Kisha yakaanza manyunyu. Si mvua ya kukimbia, ni yale manyunyu ya ziwani yasiyo na sauti, unagundua umelowa wakati umeshalowa. Mama Benson alipiga kelele kwa mara ya kwanza maishani mwake, kanga zikatolewa, wanawake wakajifunika wakakusanyika kama vifaranga. Jua likatoka. Wakafunua. Mawe yakaanza kutoa mvuke.

Ilianzia kwenye mapaji ya uso. Vinywele vidogo vikainuka kimoja kimoja, kisha pembeni, kisha kishungi cha huyu kikavimba, cha yule kikapasuka kibanio. Zile zilizochomwa zikawa zimesimama nusu, nusu zimelala na mafuta, na inzi wamefika kufuata harufu. Kila mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Zako zimeamka." Hakuna aliyekuwa anaona zake. Mama Benson alipita na chanuo na kibakuli cha mafuta anawalaza mmoja mmoja, akimfikia wa mwisho wa kwanza ameshasimama tena. Sikucheka. Nataka niwe mkweli, nilitaka sana kucheka, lakini niliona anavyojifutia mafuta kwenye gauni lake mwenyewe bila kujua.

Wakalazimika kuendelea hivyo hivyo. Likaja beti la tatu.

"Idrissa, piga heroe," alisema Mama Benson.

Idrissa alikuwa anafuta kioo cha kamera kwa shati. "Mama, heroe hawapo."

"Hawapo vipi?"

"Mvua ikijaza ziwa wanahama, maji yanakuwa mengi kwao. Watarudi yakipungua. Mimi nilidhani mnajua."

Sote tukageuka kutazama ziwa. Lilikuwa limejaa, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa bata mmoja mweusi aliyezama wakati tunamtazama.

"Basi piga maji."

"Maji nimeyapiga tangu asubuhi, mama. Beti zima la maji, watu watadhani runinga imeharibika."

Mama Benson alisimama pale na kibakuli chake. Kisha akanijia. Alikuwa amefungua mkoba akatoa kilemba kipya, kimekunjwa vizuri, kimeshonwa kwa kitambaa kile kile cha sare. Alikuwa amekiandaa. Sijui tangu lini.

"Mwanangu," alisema taratibu, "vaa hiki. Simama mbele, imba beti lako, uso wako wote utaonekana. Nakuomba."

Nilikitazama. Kilikuwa kizuri, na nilikuwa nimechoka. Mama angeniona. Majirani wangenyamaza. Ningekunja kichwa changu ndani ya kitambaa kwa dakika chache na kila mtu angekuwa na amani, na Pasaka tungekula pilau. Nilinyoosha mkono nikakishika, na hapo nikamkumbuka mama yangu na zile mbegu, wale watu vibarazani, na kwamba siku ile hakusubiri waondoke ndipo apande. Alipanda wakiwa wanamtazama.

Nikamrudishia.

"Hapana, Mama Benson. Nikivaa hiki nitakuwa nimekubaliana na wale walioandika."

"Watacheka, Yasinta."

"Wacheke. Watanicheka mimi, na mimi nimekubali kuchekwa. Nywele zangu ndivyo zilivyo mwezi wa pili. Mwezi wa saba njoo tena, zitakuwa nyingine, na hizo pia zitakuwa zangu. Mkinitaka, mnitake na kichwa changu. Msiponitaka, wimbo ni wangu, nautoa. Mwalimu atafute mwingine wa kujaza nafasi."

Niliyasema kwa heshima, mikono nyuma, lakini niliyasema yote. Niliogopa pia. Niliogopa angesema sawa, utoe, na nirudi nyumbani kwa miguu, na jioni nimpigie mama nimwambie asikusanye watu. Nilikuwa tayari kumpigia. Nilishaanza hata kutafuta maneno.

Mwalimu Calist akakohoa. Alikuwa amevua miwani. "Mimi sina mwingine," alisema. Na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Martina alikuwa anahangaika na kibanio chake tangu mvua iishe. Akakivuta kwa hasira, akakitupa kwenye begi, nywele zake zilizochomwa nusu zikafumuka upande mmoja, akaja kupanga gauni langu mabegani kama anavyopanga mashuka ya wagonjwa. "Simama wima basi," aliniambia. "Usije ukatuaibisha na kibiongo."

Mama Benson alikitazama kilemba mkononi mwake. Alikikunja mara nne, akakirudisha mkobani, akafunga zipu.

"Apigwe," alimwambia Idrissa bila kunitazama. "Ila kwa mbali. Kwa mbali sana, mawe yaonekane."

Idrissa akabeba kamera yake akarudi nyuma, akaruka jiwe la kwanza, la pili, akafika kule karibu na Costa, akawa mdogo kama kidole. Nikapanda juu ya jiwe la mbele. Upepo wa ziwani ulikuwa unapita kwenye nywele zangu, wenye joto na maji, na nilizisikia zinazidi kutanuka. Mwalimu akabonyeza spika. Utangulizi wa kinanda ukaanza, ule mrefu kabla ya beti la tatu.

Nikainua mkono nikamwita Idrissa kwa vidole.

"Sogea," nikamwambia.

Akamtazama Mama Benson. Mama Benson alikuwa amegeukia ziwa. Idrissa akasogea mpaka jiwe la pili, akaweka jicho kwenye kamera.

Kinanda kilikuwa kinakaribia kuisha. Nilimfikiria mama amekaa mbele ya ile runinga, macho yake yasiyoona vizuri vitu vya mbali, na wale watu nyuma yake.

"Sogea tena," nikasema. "Sogea mpaka nijae."